Nauza mkaa, nauza na asali

Haya ni yale niliyoongea Jumapili kuhusu ufugaji wa nyuki kwenye mkutano wa kikundi chetu hapa Mbagala. Waliokosa kuja wameniomba niwaandikie, basi nimeandika kama yalivyotoka mdomoni, mkikuta nimezunguka mjue hata siku ile nilizunguka.

Mwenyekiti, mama mweka hazina, mzee wetu wa mtaa uliyekubali kuja kukaa na sisi, dada zangu na wadogo zangu, wakubwa shikamooni. Nimepewa nusu saa na mwenyekiti kaniambia nikizidisha anazima maiki, kwa hiyo naanza na lile ambalo nimesikia mnanong'onezana huko nyuma, kwamba huyu si ndo yule mama mkaa? Ndo mimi. Genge langu mnalijua, upande wa kushoto viroba vya mkaa, upande wa kulia meza ya asali, na katikati nimekaa mimi na kanga yenye madoa ya vyote viwili. Kuna kijana mmoja mteja wangu alinitania siku moja, mama we msitu unauchoma kwa mkono huu unaulinda kwa mkono huu. Nilicheka naye, lakini usiku sikulala vizuri.

Mwenyekiti aliponiita nije kuongea kuhusu ufugaji wa nyuki alitegemea nitasema nimeacha mkaa. Sijaacha. Nimepunguza, lakini sijaacha, na sitaki kudanganya watu wazima. Mkaa unanipa hela ya leo, mtu anakuja na elfu moja yake anapimiwa kopo anaenda kupika maharage, jioni mimi nina hela ya unga. Asali inanipa hela ya ada mara mbili kwa mwaka. Serikali imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia ikifika 2034, na mimi mwenyewe nina mtungi wa gesi nyumbani, ila gesi ikiisha tarehe 20 na mshahara wa mzee ni mwisho wa mwezi, mnajua wenyewe tunarudi wapi.

Sasa niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Naanza biashara hii, mkaa ulikuwa unaletwa na baiskeli. Kijana anatoka Kisarawe usiku, anasukuma magunia matatu, asubuhi yuko Mbagala amelowa jasho. Miaka ikapita, baiskeli zikawa pikipiki, pikipiki zikawa Fuso, na dereva wa Fuso ukimuuliza unatoka wapi anakwambia Kilwa, mwingine Handeni. Yani mti umetukimbia. Sisi tumekaa palepale na majiko yetu, mti ndo umesogea. Takwimu za serikali ambazo zimetajwa miaka mingi ni kwamba nchi inapoteza hekta 469,420 za msitu kwa mwaka. Mimi nambari kubwa hivyo hainiingii kichwani mpaka niigawe, nikachukua simu nikagawa kwa siku 365, ikaja kama hekta 1,280 kwa siku. Hekta moja ni uwanja wa mpira na chenji juu. Leo tukiwa tumekaa hapa tunakunywa soda, viwanja zaidi ya elfu.

Na msidhani ni mambo ya huko mikoani. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, huko Kisarawe. Mvua ikinyesha kule kwenye kilima chenye msitu, maji yanaingia ardhini taratibu. Ikinyesha kwenye kilima cheupe yanashuka yote kwa pamoja, na mwisho wa safari yake ni Jangwani, mnajua daraja linafungwa, mwendokasi inasimama, watu wanatembea kwa miguu kutoka Magomeni. Sisemi mafuriko yote ya Jangwani ni sababu ya mkaa, watu pia wamejenga na kutupa takataka mtoni, lakini mti wa Pugu na kiatu chako kilicholowa Jangwani ni ndugu.

Haya, nyuki. Niliingiaje.

Shemeji yangu ana shamba Kisarawe, limepakana na msitu wa kijiji. Ndo alikuwa ananipatia mkaa. Mwaka mmoja akaniambia shemeji kuna mtondoro mkubwa hapa, huu mmoja tu unatoa magunia ya kutosha, tuma hela ya vijana wa msumeno. Nikatuma. Siku mbili baadae simu inalia, nikajua mzigo tayari. Shemeji anahema, ananiambia shemeji mti umegoma. Nikamuuliza umegoma vipi? Kumbe ule mtondoro ulikuwa na tundu juu, ndani nyuki, msumeno ulivyoanza tu kulia na mti kutetemeka wakashuka wote. Kijana mmoja alikimbia mpaka barabarani na buti moja. Msumeno wenyewe walikuja kuuchukua saa tatu usiku, na ulikuwa bado unanuka petroli palepale chini.

Nilikasirika, hela yangu ilikuwa imeshaliwa. Ila nilipoenda kuangalia, nikasimama mbali naangalia ule mti una kidonda cha msumeno kama kiganja hivi na nyuki wanaingia na kutoka juu kama hakuna kilichotokea, nikajiuliza, hivi kijiji kizima mti ambao hakuna mtu atakayethubutu kuugusa si ndo huu? Upo mpaka leo. Kile kidonda kimeanza kufunga. Miti mitano ya jirani yake imeshaondoka.

Ndo nikanunua mizinga miwili.

Na hapa ndo nataka mnisikilize maana najua kikundi kina hela kwenye akaunti na kuna watu wameshaleta bei ya mizinga hamsini. Mzinga haulindi msitu. Mzinga ni sanduku la mbao. Kinacholinda msitu ni nyuki waliomo ndani yake, na mtu mwenye hao nyuki ambaye anajua akiacha moto upite amepoteza ada ya mtoto. Nimeona kijiji kimoja, jina naliacha na mradi wenyewe naliacha, waliletewa mizinga arobaini imepakwa rangi nzuri, picha zikapigwa, wageni wakaondoka. Nilipita baada ya mwaka na nusu, kuku walikuwa wametaga kwenye mmoja, mwingine umewekwa mlangoni watu wanakalia, na ile iliyokuwa bado juu ya miti mingi ilikuwa mitupu. Msitu uliendelea kukatwa huku mizinga inaning'inia inaangalia.

Kwa nini mitupu? Kwanza ilitundikwa juani, mzinga unataka kivuli. Pili hakuna aliyeweka chambo, yani unachukua nta safi unaiyeyusha unapaka kwenye vile viunzi vya juu ambavyo nyuki watajengea masega, ile harufu ndo kadi ya mwaliko. Tatu hakuna maji karibu. Na nne siafu. Siafu wakipanda kwenye mzinga usiku kundi zima linahama asubuhi, hawaagi. Mimi natundika kwa waya na waya naupaka grisi, na huo waya unasaidia pia kwa nyegere, maana nyegere ukimwekea mzinga mahali anapofika na kupata pa kujishikiza ameuvunja, hamwogopi nyuki wala hamwogopi mtu. Mzinga ukining'inia unayumba anakata tamaa. Wakati mwingine hakati.

Mwaka wa kwanza katika mizinga miwili ulishika mmoja, yani mmoja tu ndo uliingiwa na nyuki. Na hapo nikafanya kosa ambalo nalisema hadharani ili msilirudie. Nilikuwa na haraka ya hela. Nyuki akileta mbochi kutoka kwenye ua, ile ni maji matamu tu, anaiweka kwenye sega na wenzake wanaipepea kwa mabawa mpaka maji yapungue, ikiwa tayari wanafunika kile kitundu kwa nta nyeupe. Asali nzuri maji yake hayazidi asilimia 20. Unatakiwa urine sega ambalo karibu lote limefunikwa. Mimi nikarina hata yaliyokuwa wazi, nikakamua kwa mkono, nikajaza chupa za maji zilizotumika, nikapanga mezani. Wiki ya tatu joto la Dar likafanya kazi yake. Mchana nimekaa nasikia pa! Kifuniko kimeruka. Mara pa! kingine. Povu linashuka mezani linanuka kama togwa iliyolala, na mteja amesimama pale anaangalia ananiuliza mama hii ni asali au pombe? Nilirudisha hela za watu saba. Wawili hawajarudi mpaka leo.

Sasa navuna jioni jua likizama, ovaroli nyeupe, kofia ya wavu, gambuti, bomba la moshi naliwasha kwa makumbi ya nazi yaliyokauka, moshi wake mpole na hauishi haraka. Moshi unawafanya nyuki wadhani kuna moto, wanakimbilia kunywa asali wajiandae kuhama, akishashiba anakuwa mzito wa kuuma. Huwezi kuvuna zote. Unawaachia sehemu yao, ukikomba kila kitu kundi litahama na wewe utabaki na sanduku. Wazee wetu warina asali walikuwa wanatumia mwenge, wanaunguza nyuki, wanatupa kinga cha moto chini, na mioto mingi ya msituni ilianzia hapo. Kwa hiyo tusisifie kila cha zamani. Na kule Tabora na Katavi ambako ndo nyumbani kwa asali ya nchi hii, mizinga mingi ya asili ni ya magome, wanabandua gome la myombo mzima kuzunguka shina kutengeneza mzinga, na mti ukishabanduliwa hivyo unakufa umesimama. Yani hata asali inaweza kuua msitu. Inategemea unaiendea vipi.

Tabora pia niwaambie kitu. Asali yote ya Dar inatoka Tabora, si ndo tunavyoambiwa? Hata ile iliyotoka jikoni kwa mtu Mbagala Kuu, sukari na ndimu, nayo stika yake inasema Tabora. Mimi ya kwangu nimeandika Kisarawe, wateja wa mwanzo walikuwa wanaiangalia kama mtoto wa kambo. Mtu anawasha kiberiti, anachovya njiti, ikiwaka anasema ni orijino. Mwingine anadondosha kwenye maji. Mwingine anawawekea sisimizi, sisimizi akila ni feki. Jamani, sisimizi na siafu wanaila asali sana tu, niulizeni mimi. Hizo zote hazikupi jibu la kueleweka, na asali ikiganda chini msiseme imetiwa sukari, asali halali inaganda, uiweke kwenye bakuli la maji ya vuguvugu itarudi, usiichemshe. Cha uhakika ni kumjua anayekuuzia na kujua mizinga yake iko wapi. Na kwa vile hapa kuna akina mama wengi wenye wachanga, mtoto chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo, hata kama bibi amesisitiza, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mkubwa linavimudu na la mtoto haliwezi.

Wizara ya Maliasili na Utalii imekuwa ikisema nchi hii ina uwezo wa kutoa tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta kwa mwaka, na tunachovuna ni kama robo tu ya hiyo, pamoja na kwamba Afrika tunahesabiwa wa pili baada ya Ethiopia. Kila mtu akisikia hivyo anasema dili hilo. Ngoja kidogo. Robo tatu iliyobaki haiko kwenye kabati mahali inasubiri, iko kwenye maua ya miti, na miti ndo ile inakuja kwenye Fuso. Nyuki mmoja mtenda kazi maisha yake yote, ambayo msimu wa maua ni wiki kama sita hivi, anatengeneza asali isiyofika hata sehemu ya kumi ya kijiko cha chai. Ukimwondolea maua ya jirani anaruka kilomita mbili, tatu, anachoka, kundi linadhoofika.

Na wanunuzi. Hapa mwenyekiti nilindie maiki. Mfugaji wa kijijini anauza asali kwa ndoo ya lita 20. Lita moja ya asali ina uzito wa kama kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ile ni kilo 28. Dalali anakuja anasema ndoo ya ishirini, analipa kilo 20, anakuja mjini anauza kwa kilo, anauza 28. Kilo nane kila ndoo zimeliwa njiani bila hata kuongeza maji. Nilikuwa nafanyiwa hivyo na mimi mpaka siku niliyobeba mzani wangu wa mkaa kwenda nao Kisarawe, shemeji alivyoona ule mshale akakaa chini. Mfugaji akipunjwa hivyo misimu miwili atauliza, hivi huu mti nausubirishia nini? Na ana haki kuuliza. Sheria ipo, ya ufugaji nyuki ya 2002, na ya misitu ya mwaka huohuo inaruhusu kijiji kumiliki na kusimamia msitu wake, lakini sheria haijawahi kununua daftari la mtoto.

Shemeji yangu alibadilika lini? Sio nilipompelekea mizinga. Alibadilika msimu wa tatu, nilipomlipa kwa mzani. Mwaka huo ndo kwa mara ya kwanza alilima barabara ya moto, ile njia tupu ya kuzuia moto usipite, kuzunguka ile sehemu ya mizinga kabla hata kiangazi hakijakolea, akawafuata na majirani wenye mikorosho, akawaomba kama ni dawa za maji za kuua wadudu wapulize jioni nyuki wameshalala. Mmoja alikubali, mwingine alimtukana. Yule aliyekubali sasaivi ana mizinga mitatu.

Maswali yalikuwa mengi, naandika mawili. Mzee wetu wa mtaa aliuliza, "Binti yangu, acha hadithi, mzinga mmoja unatoa kiasi gani?" Nikamjibu mzee wangu, nina mizinga 14, yenye nyuki ni tisa, msimu uliopita nilipata kilo 71 kwa yote, mingine ilinipa kilo kumi na mbili, mingine kilo nne, mmoja niliufungua nikaufunga sikuchukua kitu. Ukitoa chupa, stika, nauli na ya shemeji, nilibaki na kama laki saba. Atakayewaambia mzinga mmoja unatoa kilo thelathini kila msimu na kwamba nyie mchange tu yeye atawafugia huko porini awaletee faida kwenye simu, muulizeni nauli ya kwenda kuiona ni shilingi ngapi. Mimi mwenyewe niliwahi kuchangia mizinga ya aina hiyo. Sijaiona.

Dada mmoja wa Charambe akauliza kama anaweza kuweka mzinga uani kwake. Hapana mdogo wangu. Nyuki wetu hawa ni wakali, mwaka 1956 malkia wa Afrika walipelekwa Brazil kwa utafiti, mwaka uliofuata makundi yakatoroka, na uzao wao umesambaa mpaka Marekani, huko wanawaogopa mpaka leo. Ukiweka mzinga wa hao Charambe, jirani kapiga muziki, mbuzi kafungwa kwenye kamba, utazika mbuzi na utaenda polisi. Ila wapo nyuki wadogo wasiouma, wale weusi wanaokaa kwenye nyufa za ukuta na matundu ya miti, hao wanakubali kukaa na watu. Asali yao nyepesi, ina ukakasi kidogo, kidogo sana kwa mzinga, lakini bei yake iko juu. Anza na hao.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kikundi, na nililisema wazi mbele ya mweka hazina: sio mizinga hamsini. Mitano. Iwekwe Kisarawe kwenye msitu wa kijiji kwa maandishi na serikali ya kijiji, afisa nyuki wa wilaya ashirikishwe tangu siku ya kwanza, kule kwenye hifadhi ya serikali ya Pugu na Kazimzumbwi huingii bila kibali cha TFS, wakala wa serikali wa misitu, kwa hiyo hatuanzii huko. Mbao tununue za kupandwa, sio mninga wa wizi. Ikishika mitatu tunaongeza. Isiposhika tunajua kosa limegharimu mitano. Mama mweka hazina alitingisha kichwa, sijajua kama ni ndiyo au ni usingizi.

Waliojiandikisha kwenda kuona ni tisa ila nachukua sita, ovaroli ninazo sita. Tunakutana Jumamosi saa nane mchana kwenye kibanda changu. Njooni na nguo za rangi nyeupe au ya kaki, nyeusi nyuki hawaipendi. Na nawaombeni dada zangu, msipake manukato wala mafuta ya kunukia siku hiyo, mwaka jana nilimchukua mmoja alikuja kama anaenda harusini na tulimkimbiza mpaka kwenye bwawa. Ambaye mwili wake huwa unavimba sana akiumwa na mdudu aniambie mapema, yeye atabaki kwa shemeji na kahawa. Mkaa wa hiyo kahawa nitabeba mimi.